Aliyeuliza Jina la Ng'ombe

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida ilianza kwa ugomvi mdogo juu ya mlango.

Dinah Nakhungu alikuwa ameketi kwenye kigoda cha jikoni, chai mkononi, kiazi kitamu cha jana kwenye sahani. Mumewe, Mzee Wakonyo, alikuwa akipuliza moto. Ulikuwa mwezi wa Novemba, mwaka wa elfu mbili na saba, watu wanavuna mahindi. Baridi ilikuwa imeshuka Kamukuywa kutoka mlimani, na imeshuka na harufu ya moshi. Miezi hiyo moshi wa mlimani haukuwa wa mabua peke yake.

"Baba Viola, hii mlango ya saiba utaipiga randa lini?"

"Nitaipiga."

"Ulisema hivyo tukipanda. Sasa tunavuna."

"Mbao ikilowa huvimba. Jua likiwaka itarudi yenyewe."

"Barasa anaisukuma na kichwa kama fahali. Siku moja atavunjika shingo, halafu wewe ndiye utamtengenezea jeneza. Si wewe ndiye fundi?"

Wakonyo akacheka. Alikuwa seremala tangu ujana, na mkewe alikuwa akimtania kwa mbao tangu ujana. Akamwongezea chai. Ndipo akakumbuka jambo zuri la kumwambia.

"Yule bwana wa koti ana adabu, bana. Jana nilimsikia pale kwenye benchi, anamliwaza Mama Kipketer. Akamuuliza mifugo yake, ng'ombe mmoja mmoja, kwa jina. Vijana wa siku hizi hawaulizi hivyo."

Dinah akaweka kikombe chini. Chai ikaruka, ikamwagikia sahani.

"Alimtajia ng'ombe gani?"

"Yule mwekundu aliyebaki kule juu. Jumamosi."

Kiazi kilibaki pale. Wakonyo alikikuta jioni kikiwa na sisimizi.

Ukitaka kujua kwa nini jina la ng'ombe lilimnyima mwanamke huyu chai yake, anza na kazi yake.

Dinah alizaliwa upande wa Ndalu, kwa watu wa jembe. Shule aliiacha karo ilipokwisha, lakini taipu aliijua. Miaka mingi aliketi Kitale kando ya barabara, chini ya upenu wa duka la mtu, na taipu yake juu ya meza aliyotengenezewa na Wakonyo. Mwenye kesi ya shamba alikuja, akasema, Dinah akapiga. Aliyeachwa na mume alikuja, akalia kwanza, kisha akasema, Dinah akapiga. Mtu asiyejua kuandika humwachia mwandishi moyo wake wote mezani. Dinah hakuubeba moyo wa mtu nyumbani hata siku moja. Wakonyo alikuwa akimuuliza, "Leo kulikuwa na nini?" Naye humjibu, "Mambo ya watu." Basi, wanakula.

Kisha kompyuta zikaja, taipu zikafa. Wenzake wa pale barabarani wakarudi mashambani. Dinah akaenda kuiona hiyo saiba, chumba cha kompyuta za intaneti, inayomnyima kazi. Ilikuwa ghorofani, ngazi zake za kuzunguka, na mlinzi wa mlangoni akamwangalia mama wa leso kama mtu aliyepotea njia ya soko. Aliingia. Vijana wakamfundisha huku wakimcheka. Jioni hiyo alimwambia mumewe, "Ile kitu ni kisima. Mtu anaongea na mtoto wake aliye ng'ambo kama yuko jikoni. Lakini wamekipandisha juu, na mwenye kiu yuko chini."

Basi akaamua kukishusha. Alinunua mashine mbili zilizochoka. Viola, binti yao, aliyekuwa karani serikalini huko Bungoma, akaleta ya tatu. Wakapanga chumba Kamukuywa, kando ya duka la mbolea la mtu anayeitwa Hesbon. Wakonyo akavunja kizingiti na kumwaga saruji, mteremko laini, kwa ajili ya Barasa, fundi wa viatu ambaye miguu yake haina nguvu na hutembelea baiskeli ya kusukuma kwa mikono. Kisha Dinah akamwambia aweke mbao kati ya mashine na mashine, mtu asione ya mwenzake.

"Si wote ni majirani?" Wakonyo akauliza.

"Ndiyo maana."

Wakamwita Mama Saiba. Asiyejua kusoma alisomewa kwa sauti ya chini, mdomo karibu na sikio. Mtu hakuulizwa kanisa wala kabila. Hesbon alikuwa akisimama mlangoni na kusema, "Mama Saiba, hii ni duka ama ni kanisa? Kila kitu inaingia." Naye Dinah humjibu, "Hata wewe umeingia."

Sasa, sanduku la barua mle ndani ya mashine huitwa kwa jina la mwenyewe, lakini kila mwenye sanduku huwa na neno lake la kulifungulia. Watu huliita paswadi. Wengi walikuwa wakilisahau kabla hawajafika nyumbani. Dinah akawapa shauri: "Weka jina ambalo ukiamshwa usingizini utalitaja." Shauri zuri. Na watu wakalitii kwa namna yao. Wanaume wakaweka rika la kutahiriwa kwao. Maina, Chuma, Sawa. Wakonyo mwenyewe aliweka Nyange, maana ndilo rika lake, na mwanaume wa Kibukusu atasahau siku ya harusi lakini rika hasahau. Wanawake wakaweka jina la ng'ombe. Wengine ng'ombe wa mahari, wengine ng'ombe wa maziwa. Dinah alicheka mpaka akafuta machozi. "Saiba yangu imekuwa boma," akasema. Haikumjia kwamba rika la mwanaume linajulikana na soko zima, na ng'ombe huitwa kwa sauti mtoni.

Kisha ikaja shida ya mlima. Ugomvi wa mashamba. Watu wakashuka kutoka Kapsokwony na kwingineko wamebeba magodoro, kuku, na watoto wasiosema. Wengine walishukia Kamukuywa. Hesbon akanong'ona, "Mama, hawa wa juu watakuletea moto." Dinah akawapikia uji mlangoni na kuwafungulia masanduku ya barua, maana kila mmoja alikuwa anatafuta mtu.

Mmoja wao alikuwa Jelimo, mama wa makamo. Mwanawe Kipketer alikuwa akiendesha kinu cha posho kule juu. Watu wa msituni, wale wenye bunduki, walimtaka awaonyeshe nyumba za watu fulani. Yeye akawatangulia kwa kupitia mashambani, akawaambia wenye nyumba watoke. Nyumba ziliungua tupu. Tangu hapo walikuwa wanamtafuta. Simu yake aliitupa mtoni, kwa sababu ilikuwa inalia na akiipokea mtu hasemi, anapumua tu.

Kabla hajatoroka alipitia saiba na mama yake. Dinah akawafungulia sanduku moja moja kila mmoja. "Mtaandikiana kwa hii," akasema. "Hii haina mlio." Jelimo, alipoambiwa achague jina, akamtaja ng'ombe aliyemwacha zizini, mwekundu, aliyenunuliwa siku ya Jumamosi na kuitwa hivyo.

Yule wa koti alikuja baadaye. Koti la kahawia, kucha safi, sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Aliamkia kila mtu. Aliketi mashine ya mwisho, karibu na mlango, akabonyeza kwa vidole viwili. Akimaliza hutoka nje na kukaa benchini na wazee, anasikiliza. Yeye haongei siasa. Anauliza, "Mzee, wewe ni rika gani?" Mzee anafurahi. Anauliza, "Mama, ng'ombe wamepona?" Mama analia, anataja mmoja mmoja. Huko kwetu, mtu anayekuuliza ng'ombe kwa jina ni mtu wa watu. Hakuna aliyejiuliza ametoka wapi.

Kwa hiyo asubuhi ile Dinah hakwenda saiba, alikimbia. Wakonyo akamfuata na gongo lake. Wakamkuta Jelimo amekaa nje na wenzake, wakamwingiza. Dinah akafungua sanduku lake.

"Mama Kipketer, tangu Ijumaa umesomewa barua na mtu mwingine?"

"Nani atanisomea? Si ni wewe tu."

Barua ambayo haijasomwa huwa nyeusi, nene. Ikishasomwa hufifia. Hapo palikuwa na barua ya Jumapili kutoka kwa Kipketer, imefifia. Dinah akaisoma kwa sauti ya chini kama kawaida yake. *Mama, usilie. Niko Kitale. Nalala kwenye stoo ya mahindi nyuma ya kanisa, fundi aliyeniuzia kinu amenificha.* Na jina la kanisa likafuata.

Jelimo hakupiga kelele. Alishika mbao ya Wakonyo kwa mikono miwili, akaishika hivyo hivyo.

"Tumwandikie ahame," Wakonyo akasema.

"Yeye hufungua barua Jumapili tu. Na wa koti huingia hapa kila siku, ataisoma kwanza."

"Basi nitaenda mimi."

"Wewe hakujui. Akiona mwanaume mgeni anachungulia stoo, atakimbia ama atakupiga. Mimi ananijua sura."

Wakonyo akatazama nje. Benchi lilikuwa tupu. Koti la kahawia halikuwepo, na kila siku saa hizo huwa lipo.

Dinah alifanya haraka, lakini hakuruka kitu. Alimwita Barasa, akamwonyesha jinsi ya kubadili neno la mtu. "Kila atakayeingia, abadili kwanza. Asiweke rika, asiweke ng'ombe. Aweke jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu yeyote. Na wewe usiangalie akiandika."

"Na asiyejua kuandika, mayi?" Barasa akauliza, akimwita mama kwa Kibukusu.

"Mwonyeshe herufi, abonyeze mwenyewe. Hata akikaa mpaka jioni."

Jelimo ndiye aliyeanza. Dinah alimgeuzia mgongo akibonyeza.

Kisha akafunga leso, akachukua mwavuli. Hesbon alikuwa amekwisha kusikia, akaja na kufuli lake kubwa la stoo. "Funga hapa leo, mzee," akamwambia Wakonyo. "Funga kabisa." Dinah akasimama kwenye ule mteremko wa saruji, akamtazama mumewe, akamwambia maneno machache juu ya mlango. Akavuka barabara, akapanda gari la Kitale. Hakugeuka. Hakuwa mtu wa kugeuka.

Kipketer alimpigia simu Viola baada ya siku kadhaa, kutoka mahali ambapo hakupataja. Alisema Mama Saiba alifika mchana, akabisha kwenye stoo na kusema, "Ni mimi wa uji." Akamwambia atoke, asichukue hata blanketi. Walitoka kwa mlango wa nyuma, wakapita kwenye gulio la mitumba, wakaachana hapo. Alipotazama nyuma alimwona mama ananunua kitu, kama mtu asiye na haraka. Na nyuma yake, hatua chache, koti.

Dinah walimkuta asubuhi iliyofuata siku ile ya Kitale, upande wa Kiminini, ndani ya shamba lililovunwa, kati ya mabua. Ikasemwa amegongwa na gari. Wakonyo alipelekwa kumtambua. Mwavuli ulikuwa umekunjwa na kufungwa. Viatu vyake vilikuwa vimewekwa pembeni, kimoja kando ya kingine, kama vya mtu anayeingia nyumba ya wakwe.

"Aliyegongwa na gari hapangi viatu," Wakonyo akasema.

Polisi akafungua daftari. Alipoulizwa anamshuku nani, akaeleza. Aliyekuwa akiandika akaacha kuandika. "Mzee, hilo ni kosa gani? Mtu ameuliza jina la ng'ombe."

Walimzika nyumbani, upande wa kulia wa nyumba. Jelimo alikaa na wanawake wa Kibukusu siku zote za matanga, akachota maji, akalia kwa lugha yake. Jeneza alilitengeneza Wakonyo mwenyewe. Mafundi wengine walimwambia apumzike. Akaendelea kupigilia misumari.

Ndipo yakaanza maneno ya mlango. Viola alisema, "Baba, funga hiyo chumba. Uza mashine, uje ukae na sisi Bungoma. Hao watu wanajua mahali." Hesbon alisema, "Mimi niko ukuta mmoja na wewe, mzee. Wakija kuchoma hawatapima mahali yako inaishia." Walisema kweli, wote wawili. Wakonyo aliwasikiliza, akatikisa kichwa, na asubuhi akaenda kufungua.

Hakujua kusoma. Alikaa tu mlangoni, na Barasa akakaa ndani. Watu walikuja, kwanza mmoja mmoja, kwa hofu, wakiangalia barabara. Mzee wa rika la Maina alitaka kujua atataja nini kama si Maina. Barasa akamwambia, "Taja kosa lako la ujana ambalo halijulikani." Mzee akafikiri, akauliza, "Moja tu?" Watu wakacheka mle ndani, mara ya kwanza tangu matanga, kisha wakanyamaza ghafla kama waliocheka kaburini. Mama mmoja alikaa kutwa nzima akitafuta herufi. Mwingine aliondoka, akarudi kesho yake, maana alihitaji kulala na jambo lake usiku mmoja kabla ya kuliandika.

Wakonyo naye akabadili. Akaomba aonyeshwe herufi, Barasa akageuza uso. Alichoweka hakijulikani. Dinah mwenyewe alikufa hakijui.

Siku moja mchana, jua kali, mvua za mavuno zimekatika, kivuli kikaingia mlangoni kabla ya mtu. Koti la kahawia.

"Pole sana, mzee. Nimesikia habari. Mungu ampumzishe mama."

"Ameen."

Yule mtu akapanda mteremko. Mle ndani vidole viliacha kubonyeza. Jelimo alikuwa nyuma ya mbao ya kwanza, na kwa sababu ya ile mbao yule mtu hakumwona. Aliketi mashine ya mwisho. Akabonyeza kwa vidole viwili. Akangoja. Akabonyeza tena. Akangoja. Akajaribu neno lingine, na lingine. Wakonyo hakujua kusoma, lakini seremala anaujua mgongo wa mtu ambaye msumari wake umekutana na fundo.

Baadaye yule mtu alitoka, akaketi benchini kando ya Wakonyo, karibu sana. Akapangusa viatu vyake na majani.

"Mzee, wewe ni Nyange, sivyo?"

"Ndiyo."

"Na ng'ombe uko naye?"

"Yuko."

"Anaitwa nani?"

Wakonyo akatazama barabara. Lori la mahindi likapita, vumbi likatua kwenye magoti ya wote wawili.

"Siku hizi tunawaita kwa mluzi," akasema.

Yule mtu akatabasamu kidogo, akainuka. Akaushika mlango wa saiba, akausukuma, akausikiliza ukikwaruza saruji. Akausukuma tena, polepole, kama anayepima uzito wake.

"Hii mlango yako haifungi vizuri, mzee," akasema. "Ni hatari."

Akavuka barabara. Hakwenda mbali. Alisimama upande wa pili, chini ya kibao cha duka la dawa, akabaki hapo.

Hesbon alikuwa ameona yote. Alikuja na lile kufuli. "Sasa umesikia na masikio yako. Funga, mzee. Hata wiki moja tu." Barasa alikuwa amesogeza baiskeli yake hadi mlangoni. Nyuma yake watu wamesimama kati ya mbao, wengine bado hawajabadili maneno yao ya kufungulia, wanamtazama mzee.

Wakonyo akalitazama kufuli. Akaingia ndani, akatoa sanduku lake la kazi chini ya meza ya Dinah, akachukua bisibisi. Akaufungua mlango bawaba kwa bawaba, akaulaza juu ya benchi pale pale nje, mbele ya yule aliyesimama ng'ambo. Akachukua randa. Mbao ilikuwa imekauka, maranda yakatoka marefu, meupe, yakaanguka kwenye mteremko. Alipoona inatosha akaurudisha mlango mahali pake, akamwambia Barasa ausukume.

Barasa akausukuma kwa kidole kimoja. Ukafunguka bila sauti.

"Mzee, unatuua," Hesbon akasema.

Ndipo Wakonyo akamwambia kile ambacho mkewe alimwambia pale pale kwenye saruji, akiwa na mwavuli mkononi, gari la Kitale likimpigia honi. Alimwambia kama alivyoambiwa, neno kwa neno:

"Usifunge mlango, Baba Viola. Ukifunga, yeye ataenda kuingilia Kitale, ama Bungoma, popote iko mashine. Watakaobaki nje ni watu wetu."